Ferro: bunduki ya bei nafuu inayomtaka mchezaji ajue pa kusimama

Wachezaji wengi wanaoanza mchezo wa video wa ARC Raiders huitazama Ferro kwa dharau. Ni bunduki inayobeba risasi moja tu: ukishafyatua, huna budi kuifungua, kuingiza risasi nyingine na kulenga upya, na muda huo wote adui anaendelea kukumiminia zake. Inatengenezwa kwa vipande vya chuma na mpira vinavyookotwa karibu kila pembe ya ramani, hivyo ukiuawa nayo hupotezi kitu cha kukunyima usingizi. Mimi ninacheza hapa Kampala, mara nyingi na wenzangu wa Mombasa na Mwanza, na ingawa ghala langu lina bunduki ghali zaidi, Ferro ndiyo ninayoingia nayo mara nyingi kuliko nyingine zote.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, uliotolewa na Embark Studios ya Uswidi mwezi Oktoba 2025, mchezaji hutoka katika mji wa chini ya ardhi uitwao Speranza, hupanda juu kutafuta vitu vya thamani miongoni mwa mashine hatari na wachezaji wengine, kisha hulazimika kuondoka kabla muda wa raundi haujaisha. Akiuawa, hupoteza karibu kila alichobeba, isipokuwa kile alichoweka katika mfuko wa usalama. Ndiyo maana bei ya silaha si jambo dogo. Mchezaji anayeogopa kupoteza bunduki yake hujibanza mahali pamoja, husita kufyatua, na mara nyingi huuawa akiwa bado anajiuliza kama inafaa kupigana.

Nguvu ya Ferro iko katika uzito wa risasi yake. Mchezaji ana uhai wa 100, na risasi moja ya Ferro mwilini huondoa takriban 40 kabla ya kuhesabu kinga ya ngao. Kichwani madhara huzidi mara mbili. Kwa hiyo huhitaji kufyatua mara nyingi. Unachohitaji ni kuhakikisha kwamba katika zile sekunde za kupakia, hakuna anayeweza kukuona.

Hapa ndipo kamera ya mchezo inapokuwa rafiki mkubwa wa bunduki hii. Kwa kuwa kamera iko nyuma ya mhusika, unaweza kusimama nyuma ya ukuta, ukamwona adui kwenye uwazi wa mlango, naye asikuone hata kidogo. Mwenye bunduki ya kufyatua mfululizo hulazimika kubaki nje ya kinga ili risasi zake zote zifike, na hivyo faida hiyo ya kamera humponyoka. Wewe unatoka hatua moja, unafyatua, unarudi, unapakia ukiwa umefichika, huku macho yako bado yako juu yake. Badilisha pia bega la kamera, yaani bega la mhusika ambalo kamera huchungulia juu yake, la kushoto au la kulia, kulingana na upande wa ukuta ulio nao, kwa maana ukisahau kufanya hivyo utatoa mwili mzima nje kabla bunduki haijapata njia. Na usitokee mara mbili mahali pale pale. Nikishapiga risasi ya kwanza upande wa kushoto wa nguzo, ya pili huipiga kutoka upande wa kulia au dirisha la jirani, kwa sababu adui aliyepigwa atakuwa ameshalenga pale aliponiona mara ya mwisho.

Katika nafasi ya pili ya silaha, beba Stitcher. Nayo ni ya bei nafuu, hutumia risasi nyepesi, na hufyatua haraka kwa umbali mfupi. Adui akigundua kwamba una Ferro, atakukimbilia mara tu utakapofyatua, akijua kwamba bunduki yako ni tupu. Usijaribu kushindana naye kwa kupakia. Badilisha silaha papo hapo, kwa kuwa ni haraka zaidi, umalizie kazi kwa Stitcher wakati ngao yake tayari imedhoofishwa na risasi nzito. Mapambano mengi ya karibu niliyoyashinda nimeyashinda hivyo.

Dhidi ya mashine, Ferro inastahili heshima zaidi kuliko inavyopewa. Risasi nzito hupenya vyuma ambavyo risasi nyepesi huvikwaruza tu. Mashine ndogo irukayo iitwayo Wasp usiipige kiwiliwili. Lenga propela zake, moja baada ya nyingine, nayo itayumba na kuanguka. Hornet inafanana nayo, lakini propela zake za mbele zimekingwa kwa chuma, kwa hiyo ngoja igeuke, upige za nyuma. Kumbuka tu kwamba Ferro ina mlio mkubwa. Kila risasi huwaita wengine, mashine na watu, hivyo ukishaangusha unachokusudia, ondoka hapo kwanza, ndipo urudi kuokota baada ya kusikiliza.

Kwetu Uganda kuna sababu nyingine. Mtandao ukichelewa, kumfuata adui anayekimbia kwa risasi ishirini mfululizo ni kazi ngumu, bali kumsubiri avuke mlango na kumpiga mara moja kunawezekana hata kwa mtandao wa wastani. Umeme nao hukatika bila kuaga. Yakikukuta hayo katikati ya raundi, ni afadhali kilichopotea kiwe Ferro.

Kuhusu kuiboresha, ushauri wangu ni kuanza mapema kwenye meza ya fundi bunduki, kwa sababu faida kubwa ya kuipandisha ngazi ni kasi ya kupakia, ambayo ndiyo udhaifu wake halisi. Ngazi ya pili na ya tatu zinastahili gharama yake kabisa. Ya nne mimi huiacha, maana hapo huanza kutumika vifaa ambavyo ni heri uvitunze kwa ajili ya bunduki nyingine.