Je, majemadari wa Athens nao walipatikana kwa bahati nasibu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha historia kidato cha tano na wanafunzi wangu wamenibana. Wamesoma kwamba Athens ya kale ilipata viongozi wake kwa bahati nasibu, na kwamba raia ndio walioamua kila jambo mkutanoni. Wanauliza: hata makamanda wa jeshi? Na vita vikishaanza, amri ilitoka kwa jemadari au kwa mkutano? Mmoja ameandika kwenye insha kwamba Athens ilishindwa na Sparta kwa sababu umati hauwezi kuendesha vita. Nimpe alama au nimkate?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. La kwanza ni jepesi: hapana, majemadari hawakupatikana kwa bahati nasibu. Nafasi nyingi za uongozi Athens zilijazwa hivyo kweli, kuanzia Baraza la Watu 500 hadi wakaguzi wa masoko. Lakini majemadari 10 walichaguliwa kila mwaka na Mkutano wa Raia kwa kuinua mikono, na mtu aliweza kurudishwa kila mwaka bila kikomo. Pericles alichaguliwa hivyo miaka 15 mfululizo. Hakuwa rais wala mfalme. Alikuwa mmoja kati ya majemadari 10, ila mkutano ulipenda kumsikiliza.

Utaratibu huo haukuzaliwa siku moja. Kwenye vita vya Marathon, mwaka 490 KK, majemadari 10 walikuwepo tayari, lakini juu yao alikuwepo Callimachus, mkuu wa vita wa mwaka ule. Majemadari waligawanyika watano kwa watano: kuwapiga Waajemi pale pale au kusubiri. Miltiades, mmoja wa majemadari hao, akamwendea Callimachus, na kura yake ndiyo iliyoamua washambulie. Miaka mitatu baadaye Waathene walianza kumpata mkuu huyo wa vita kwa bahati nasibu, pamoja na wakuu wenzake wa mwaka. Tangu hapo cheo chake kikabaki cha ibada na mahakama, na vita vikawa kazi ya waliochaguliwa. Waonyeshe wanafunzi mfuatano huo: bahati ilipoingia mlango mmoja, amri ya jeshi ilitokea mlango mwingine.

Swali lako la pili lina uzito zaidi. Mkutano wa Raia ndio ulioamua vita na amani, na haukuishia hapo. Uliamua merikebu ngapi ziende, nani aongoze, pesa kiasi gani zitoke. Mwaka 415 KK, katikati ya vita virefu vya Athens na Sparta, wajumbe wa mji wa Segesta walikuja kutoka kisiwa cha Sisilia kuomba jeshi, wakiwa na talanta 60 za fedha, mshahara wa mwezi mmoja wa merikebu 60. Wape wanafunzi wapige hesabu: merikebu moja ya vita ilibeba watu 200, 170 kati yao wakiwa wapiga makasia, kila mtu drakma moja kwa siku, kwa siku 30 ni drakma 6,000, ambayo ndiyo talanta moja. Jemadari Nicias, aliyeipinga safari ile ya Sisilia, alijaribu kuwatisha raia kwa kuwaambia jeshi linalohitajika ni kubwa mno. Wakamwambia ataje idadi, kisha wakampa. Zikaondoka merikebu za vita 134, na Nicias mwenyewe akiwa mmoja wa majemadari watatu. Mara nyingi tunasahau kwamba wengi walioinua mikono siku ile ndio waliokwenda kuvuta makasia. Wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na kura.

Jeshi likishafika mbali, jemadari aliamua mwenyewe. Habari zilikwenda kwa merikebu, na hakuna mkutano ungeweza kuendesha mapigano ng'ambo ya bahari. Ila alijua atarudi kujibu. Mara 10 kwa mwaka raia walipiga kura kama viongozi wanafanya kazi vizuri, na aliyekataliwa alisimamishwa na kupelekwa mahakamani. Muhula ukiisha alitoa hesabu. Hata Pericles aliondolewa na kutozwa faini mwaka 430 KK, kisha akarudishwa mwaka uliofuata.

Uwajibikaji huo ulikuwa nguvu ya Athens, nami nautetea. Lakini ulikuwa na sumu yake, na sumu ile inaonekana Sisilia. Mwaka 424 KK majemadari watatu wa Athens walirudi kutoka huko baada ya Wasisilia kupatana wenyewe kwa wenyewe. Wawili walifukuzwa nchini na wa tatu, Eurymedon, akatozwa faini, wakidaiwa kuwa walihongwa ili waondoke. Mwaka huo huo Thucydides, jemadari ambaye ndiye aliyetuandikia historia ya vita vya Athens na Sparta, alishindwa kuuokoa mji wa Amphipolis, akaishi uhamishoni miaka 20.

Sasa mweke Nicias ndani ya kumbukumbu hiyo. Mwaka 414 KK, akiwa Sisilia na akiugua figo, aliandika barua nyumbani: turudisheni au tumeni jeshi jingine kubwa kama hili, na mimi nipumzisheni. Mkutano ukatuma jeshi, ukakataa kumpumzisha. Jemadari Demosthenes alifika na jeshi hilo mwaka uliofuata, akajaribu usiku kuvunja ngome za Syracuse, mji wa Sisilia waliokuwa wakiuzingira, akashindwa, akasema waziwazi tuondoke. Nicias akakataa. Sababu aliyoitoa inaumiza kuisoma: askari hawa wanaolia leo, alisema, wakifika nyumbani watapaza sauti kwamba majemadari walihongwa. Yeye aliona heri auawe na adui kuliko kuuawa na Waathene kwa shtaka la aibu na la uongo. Na Eurymedon, aliyewahi kutozwa faini kwa shtaka hilo hilo, alikuwa pale pale kambini. Hatimaye Nicias alipokubali, mwezi ukapatwa usiku wa tarehe 27 Agosti 413 KK, na kwa ushauri wa waaguzi akaamuru wangoje siku 27. Hawakutoka tena. Eurymedon alikufa bandarini, Nicias na Demosthenes waliuawa baada ya kukamatwa, na watu wasiopungua 7,000 wakafungiwa kwenye machimbo ya mawe.

Hata hivyo mwanafunzi wako asikimbilie kuandika "umati umeshindwa". Baada ya pigo lile Athens ilipigana karibu miaka tisa zaidi. Mwaka 406 KK, hazina ikiwa imekauka, iliandaa merikebu 110 kwa siku 30, ikawapandisha hata watumwa, ikawashinda Wasparta baharini penye visiwa vya Arginusae. Wasparta walipoteza merikebu zaidi ya 70, Athens 25.

Kisha likaja kosa ambalo siwezi kulitetea. Dhoruba ilizuia kuwaokoa waliokuwa wakielea kwenye mabaki ya merikebu, na raia wakataka damu. Majemadari wanane wakahukumiwa kwa kura moja kwa wote, bila kila mtu kusikilizwa kwa nafsi yake. Raia mmoja, Euryptolemos, aliomba wahukumiwe mmoja mmoja, nusura akubaliwe. Socrates, aliyekuwa zamu kati ya wasimamizi wa kikao siku ile, peke yake alikataa kukubali kura hiyo iliyovunja sheria. Sita waliokuwa mjini wakauawa, akiwemo mwana wa Pericles. Muda si mrefu raia walijuta, wakaamua kuwashtaki waliowapotosha. Wakati huo majemadari walioshinda walikuwa kaburini.

Kwa hiyo mpe nusu ya alama, na umwandikie pembeni maneno mawili: "pesa" na "Uajemi". Sparta haikuwa na hazina ya kulipa wapiga makasia. Iliipata kwa mfalme wa Uajemi, hasa Cyrus mwana wa mfalme alipofika pwani ya Asia mwaka 407 KK na kupatana na Lysander, kamanda wa merikebu za Sparta. Sheria ya Sparta ilikataza mtu kuwa mkuu wa majeshi ya majini mara mbili, nayo ilikuwa inawanyima kamanda wao bora. Mwaka 405 KK wakaikwepa: wakampa cheo Aracus, wakamfanya Lysander msaidizi wake, na amri ikawa ya Lysander. Ndiye aliyekamata karibu merikebu zote za Athens kule Aegospotami, na mwaka 404 KK mji ukasalimu amri.

Ukipata kipindi cha ziada, walinganishie kesi ya Arginusae na ya Epaminondas, jemadari wa mji wa Thebes. Naye alichaguliwa kwa mwaka mmoja. Katika majira ya baridi ya 370/369 KK muhula wake uliisha akiwa ndani ya nchi ya Sparta. Hakukabidhi jeshi. Aliendelea na vita hadi Messenia, nchi iliyotawaliwa na Sparta, ikawekwa huru. Aliporudi nyumbani alishtakiwa kwa kushikilia amri kinyume cha sheria, kosa lenye adhabu ya kifo, akajitetea mwenyewe mbele ya mahakama, akaachiliwa.