Klia Haiongezeki kwa Kupigwa Polishi

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Ninaishi Njiro, Arusha, na nina gari dogo jeusi lililoagizwa kutoka Japani likiwa limetumika. Lilipofika liling'aa hata mtu akaweza kujitazama kwenye boneti, lakini baada ya miaka miwili ya kulipeleka kuoshwa kila Jumamosi, sasa nikiliegesha juani naona miduara ya mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui. Kijana mmoja ameniahidi kuiondoa yote kwa mashine ndani ya nusu saa. Jirani yangu alifanyiwa kazi kama hiyo mwaka jana, na usiku chini ya taa gari lake huonyesha mawimbi ya ajabu. Je, mashine huondoa mikwaruzo kweli au huificha tu? Na gari laweza kupigwa polishi mara ngapi? (Mwenye gari jeusi, Njiro)

JIBU: Mashine huondoa kweli, lakini inafaa ufahamu huondoa nini. Mkwaruzo ni bonde dogo ndani ya rangi, na hakuna polishi inayolijaza bonde hilo likarudi kama zamani; kinachofanyika ni kuusaga uso wote unaolizunguka mpaka ushuke na kulingana na kina cha bonde. Kwa hiyo kila mashine inapofanya kazi yake vizuri, rangi ya gari lako hupungua.

Nayo hupungua kutoka kwenye akiba ndogo sana. Juu ya bati la gari la kisasa kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna tabaka angavu ambalo mafundi wetu wa rangi huliita klia. Rangi yote ya kiwandani kwa jumla aghalabu ina unene wa maikroni 100 hadi 150, yaani sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, na klia peke yake ni kama maikroni 40 hadi 50, ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Polishi nyepesi huchukua maikroni 1 au 2, ilhali kampaundi, yaani dawa ya kusagia iliyo kali kuliko polishi, ikitumiwa na pedi ya sufu yaweza kuchukua 4 au zaidi. Mtu akipiga hesabu hiyo harakaharaka ataona klia yake inahimili hata kampaundi kumi, na hapo ndipo wengi hukosea, kwani kemikali zinazoikinga rangi na mionzi ya jua zimo ndani ya klia hiyo hiyo, na klia iliyokonda huanza kubabuka na kuacha mabaka meupe juu ya paa na boneti. Katika mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta, jua la mchana si la kuchezea. Kwa maoni yangu, gari lisipigwe kampaundi mwili mzima zaidi ya mara mbili au tatu katika maisha yake yote.

Miduara unayoiona, kwa kweli, si miduara. Mikwaruzo hiyo imelala kila upande, ila ile iliyokingama na mwanga ndiyo inayong'aa, na jicho huviunganisha vipande hivyo likaona duara limelizunguka jua. Kivulini au siku ya mawingu huioni kabisa, na kwa sababu hiyo fundi asiye na taa kali ya kumulikia hawezi kujua kama amemaliza kazi au bado.

Sasa tumjadili kijana wa nusu saa. Muulize kwanza anatumia mashine gani. Nimeona zaidi ya mara moja grenda ya kukatia vyuma imefungwa pedi ya sufu ikaitwa mashine ya polishi. Grenda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na kwa mwendo huo joto hupanda upesi kiasi kwamba klia huungua kabla fundi hajanusa harufu. Mashine halisi ya mzunguko mmoja huweza kushushwa mpaka mizunguko 1,000 hivi kwa dakika, lakini nayo inahitaji mkono uliozoea, na ikitumiwa na pedi ya sufu bila hatua ya kumalizia huacha yale mawimbi uliyoyaona kwa jirani. Mwambie jirani asikate tamaa, kwa kuwa mawimbi hayo ni mikwaruzo midogo mno ambayo polishi laini na pedi ya sponji huifuta, mradi klia bado ipo. Mashine ninayoipendekeza kwa gari lako ni ile ambayo pedi yake huzunguka na wakati huohuo hutikisika kwa kwenda kombo. Hukata polepole zaidi, haipandishi joto kwa kasi, na hata mtu anayejifunza ni vigumu kuharibu nayo.

Nusu saa haitoshi hata kuliandaa gari. Kwanza linaoshwa, kisha uso wake unasuguliwa taratibu kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, huku ukilainishwa kwa maji ya sabuni, ili kutoa chembe za chuma na utomvu ulioganda. Chembe hizo zikibaki, pedi itazikokota na kuchora mikwaruzo mipya. Baada ya hapo fundi hupima unene wa rangi kila sehemu kwa kipimo chake. Kipimo cha kawaida husoma jumla ya matabaka yote juu ya bati, wala hakikuambii klia peke yake imebaki kiasi gani, lakini mlango mmoja ukisoma 120 na mwingine 300, utajua kwamba huo wa pili ulishapulizwa rangi upya na huenda una putty chini yake. Kingo za milango na mikunjo ya boneti hufunikwa kwa tepu ya karatasi, maana hapo klia ni nyembamba na pedi hukandamiza zaidi.

Fundi mwangalifu huanza na eneo moja dogo la majaribio, la sentimita 50 kwa 50, akitumia polishi nyepesi na pedi laini. Ikitosha, haongezi ukali. Mikwaruzo michache ikibaki, ni heri ibaki kuliko kuikimbiza kwa kampaundi mpaka klia iishe, na hili ndilo jambo ambalo wateja wengi hawataki kulisikia. Kazi hufanyika kivulini, bati likiwa limepoa, mashine ikipitishwa taratibu kwa mistari inayopandana, kwanza wima kisha ulalo.

Swali lako la kuficha lina msingi. Polishi nyingi zina mafuta yanayoingia ndani ya mikwaruzo na kuifanya isionekane, kisha baada ya kuoshwa mara mbili tatu yote hurudi. Kabla ya kulipa, mwambie fundi afute boneti kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji, halafu litoeni gari juani mlitazame pamoja.

Lakini ukirudi Jumamosi inayofuata kwa wale wale wanaoliosha, utando utarudi. Vumbi la udongo wa volkano chini ya Mlima Meru lina chembe ngumu, nazo zikinaswa na sponji iliyoangushwa chini, au na maji ya ndoo moja yaliyokwisha kuosha magari matatu, husugua klia kama msasa. Gari lipigwe maji ya kutosha kabla halijaguswa. Kuwe na ndoo ya sabuni na nyingine ya kusuuzia. Tambara la kukaushia liwe la maikrofaiba. Na yule kijana anayepita na tambara kavu kufuta vumbi ukiwa dukani, mpe shilingi zake asiliguse.

SWALI: Nipo Moshi na gari letu ni jeupe. Tulipokwenda kijijini Kibosho, tawi la mkahawa lilichora mlango wote, na mtoto naye akaongeza mstari wake kwa jiwe. Je, polishi itaondoa? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Dada, lowesha mistari hiyo kwa maji. Ule unaopotea ukiwa umelowa umo ndani ya klia, na aghalabu ndio wa tawi. Kisha pitisha ukucha kwa kukingama: ukikwama, mkwaruzo ni wa kina kuliko mashine inavyoweza kuufuata kwa usalama. Ukiona rangi ya kijivu, hiyo ni praima, na ukiona chuma, mtafute fundi rangi kabla ya masika, kwani kutu haisubiri. Msamaha wa mtoto hauko katika mamlaka ya safu hii.

SWALI: Mimi ni dereva wa watalii. Bosi anataka gari la safari lipigwe polishi kila likirudi kutoka Serengeti, kwa sababu ya miiba. Ni sahihi? (Dereva, Sakina)

JIBU: Si sahihi. Polishi nyepesi mara moja kwa mwaka inatosha, na wakati wake ni Aprili au Mei, wageni wanapopungua. Kabla ya hapo, paka polishi kidogo kwa mkono mahali pasipoonekana na utazame kitambaa: kikitoka na rangi ya gari, basi gari hilo lilipulizwa rangi isiyo na klia juu yake, na kila unachosugua ni rangi yenyewe. Mwonyeshe bosi kitambaa hicho.