Re: Mama aongee na mfamasia kwa simu?
Mkuu umeuliza kama bi mkubwa wako wa Pongwe anaweza kuongea na mfamasia kwa simu asipande daladala hadi mjini kipindi hiki cha kipindupindu, anaweza bwana, mi korona ya 2020 nilifanya hivyo na shangazi yangu pale Ngamiani. Ila asiseme tu "vile vidonge vyeupe vya presha", ashike boksi asome jina na miligramu, akishindwa piga picha umtumie WhatsApp. Na ataje vyote anavyokunywa hata mwarobaini, shangazi aliuficha huo mpaka nikamchongea mwenyewe 😂 Akianza kuhara maji maji simu weka chini, koroga ORS (ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini) pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, anywe huku mnakimbia hospitali.