Kufundisha mtandaoni ukiwa Ujiji

Dada, umeuliza kama mwalimu aliye Ujiji anaweza kuishi kwa kufundisha mtandaoni bila kuhamia Dar. Anaweza, na mimi nakusihi ujaribu. Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni saa. Ujerumani wako nyuma yetu kwa saa moja kiangazi, mbili wakati wa baridi, kwa hiyo mtu akitoka kazini kwao, wewe umeshamaliza kupika. Japani wako mbele kwa saa sita: ukifundisha saa tisa alasiri, kwao ni saa tatu usiku. Asubuhi yako yote inabaki ya watoto na shughuli zako, hata ukitaka kushuka Kibirizi kununua dagaa.

Huna nauli ya kila siku wala kodi ya chumba cha tuisheni. Bando litakula hela, hilo lipo, na betri ya akiba ni lazima umeme ukikatika.

Anza na Kiswahili chenyewe. Tangu UNESCO itangaze Julai 7 kuwa siku yake, mwaka 2021, kimezidi kujulikana, na wanaokitafuta wanataka mzungumzaji kama wewe. Chukua mwanafunzi mmoja kwanza, akulipe kabla ya kipindi.