Vishikwambi 80 kwa Madarasa Manane

SWALI: Shule yetu ina wanafunzi 280, darasa moja wanafunzi 35. Mfadhili ameahidi vishikwambi 80. Tuwape darasa la mwisho, au vitumiwe na wote? (Mwalimu wa taaluma)

JIBU: Vitumiwe na wote, tena vilale shuleni. Fanyeni seti mbili za 36: 35 vya wanafunzi, kimoja cha mwalimu. Vinane vinavyobaki ni akiba, msiviingize kwenye ratiba hata mkishawishika, maana vioo na matundu ya chaji huharibika mapema. Kila kimoja kipewe namba, na mwanafunzi ashike namba ileile kila kipindi. Vinginevyo kikivunjika hakuna wa kuulizwa.

Kabla mfadhili hajanunua chochote, pigeni hesabu ya umeme. Chaja 36 za wati 10 ni wati 360. Soketi moja nzuri ya ukutani inaubeba mzigo huo. Hatari iko kwenye nyaya nyembamba za kuongezea soketi zilizochomekwa moja ndani ya nyingine, ambazo hupata moto kwenye maungio. Kwa sola, betri ya kishikwambi ya mAh 5000 (kipimo cha ukubwa wa betri) hubeba takriban Wh 18.5 (wati-saa, kipimo cha kiasi cha umeme), hivyo seti nzima ni kama Wh 670, na ukijumlisha umeme unaopotea njiani fikirieni Wh 900 kwa siku.

Halafu mtandao. Video ya MB 100 ikipakuliwa na vishikwambi 36 ni GB 3.6. Kwa intaneti ya kasi ya Mbps 10 (megabiti kwa sekunde) hiyo ni dakika 48 mambo yakienda vizuri, yaani kipindi kimekwisha. Wekeni masomo kwenye seva ndogo darasani, yaani kompyuta inayogawia vishikwambi masomo: programu ya Kolibri ni ya bure, hufanya kazi bila intaneti, na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inatosha kuiendesha. Ruta ya nyumbani, yaani kifaa cha kusambaza Wi-Fi, msiitegemee. Nyingi hulemewa vifaa vikizidi ishirini na kitu. Ulizeni inayohimili vifaa 40 kwa pamoja.

Anzeni na seti moja kwa muhula mmoja.

SWALI: Likizo ndefu tuvihifadhi vipi?

JIBU: Vizimeni vikiwa na chaji ya asilimia 50 hivi, mahali pakavu pasipo joto, na kila mwezi mtu avikague. Betri ya lithiamu iliyoachwa tupu miezi kadhaa huenda isiamke tena.