Dogo ana miaka 16 kaitwa kikosi cha kaunti, hurling ina maisha? Jibu refu kutoka Clare

Dada habari, nimesoma uzi wako mpaka mwisho na nimeona wengi wamekujibu kwa haraka haraka tu. Kwa wanaoingia sasa hivi, dada yetu yupo kaunti ya Clare huku Ireland, mwanae ana miaka 16 kaitwa mazoezi ya kikosi cha kaunti cha chini ya miaka 17, baba mtu yupo Dar anasema kijana aache hurling, huo mchezo wa fimbo na mpira wa Waairishi, ahamie soka kwa sababu huku hawalipi, na yeye anauliza ina maisha au mtoto anapoteza muda. Mimi nipo Ennis, mji wa hapa Clare, miaka mingi sasa, kijana wangu kapita njia hiyo hiyo, na pale klabuni kwetu mimi ndio mzee wa kubeba maji na kuokota mipira Jumamosi, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu.

Nianze na hela maana ndio inamuumiza shemeji. Mshahara hakuna. Sio kwamba ni mdogo, HAKUNA. Chama chao cha michezo ya jadi ya Ireland, GAA, kilianzishwa 1884 pale Thurles na mpaka leo mchezaji ni wa ridhaa, yule unayemwona anacheza fainali Croke Park, uwanja wao mkuu pale Dublin, mbele ya watu zaidi ya 80,000 ni mwalimu, ni fundi umeme, ni mkulima, ni mwanafunzi wa chuo, na likizo ikiisha anarudi kazini kama mimi na wewe. Anachopata ni hela ya mafuta ya gari, msosi baada ya mazoezi, vifaa, na wale wa timu za wakubwa za kaunti kuna ruzuku ya serikali ambayo chama cha wachezaji (GPA, kipo tangu 1999) kiliwapigania wakaipata, lakini hiyo sio hela ya kujengea nyumba. Halafu hakuna usajili. Hakuna wakala, hakuna dirisha la usajili, hakuna Yanga kuja kumchukua mtu wa Simba. Kwa kawaida unachezea klabu ya parokia unayokaa na kaunti yako, basi, ndio maana hata kaunti iwe haijashinda chochote miaka 40 vijana wake hawakimbii.

Shemeji naona hajawahi kuuona mchezo wenyewe vizuri, mwonyeshe gemu moja. Ni watu 15 kwa 15, kila mmoja na fimbo ya mti wa ash iliyopanuka kichwani, mpira mdogo wa ngozi, unaweza kuudaka, kuupiga hewani, kukimbia nao juu ya fimbo, ukiingia wavuni ni goli na goli ni pointi 3, ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo ni pointi 1. Wanaandika magoli kwanza halafu pointi, ile fainali ya Ireland nzima ya 2024 Clare walimfunga jirani zetu kaunti ya Cork 3-29 kwa 1-34 baada ya dakika za nyongeza, piga hesabu ni 38 kwa 37, pointi moja! Nilikuwa mbele ya TV na watu wa kazini, sijawahi kuona watu wazima wanalia vile, na Ennis ilivyofurika siku timu inarudi na kombe la Liam MacCarthy, ndilo la ubingwa wa Ireland nzima, hata pa kuweka mguu hapakuwepo.

Sasa njia ya kijana ikoje. Anaanzia klabuni akiwa na miaka mitano sita, wanapanda, kwenye 14, 15, 16 kaunti inaanza kuwaita wachache kwenye vikosi vya kuwalea, halafu inakuja timu ya chini ya miaka 17, halafu chini ya 20, halafu ile ya wakubwa. Zamani ile ya kwanza ilikuwa chini ya 18 na wakaishusha kuanzia 2018, watoto walikuwa wanagongana na mtihani wa kumaliza sekondari, Leaving Cert. Pembeni kuna mashindano ya shule, huku kwetu jimbo la Munster ni Harty Cup, na ukifika chuo kuna Fitzgibbon Cup, kombe la vyuo, ambayo ipo tangu 1912. Hapa chuo ndio naomba umwambie shemeji asikilize: vyuo vingi huku vina udhamini wa wanamichezo, kijana wa hurling mzuri anasaidiwa ada au malazi. Hiyo ndio hela pekee ya maana niliyoiona mimi kwa macho yangu ikitoka kwenye huu mchezo kwa kijana wa umri huo, na inapitia shule, sio uwanjani, kwa hiyo mtoto akikuambia ataacha kusoma ili afanye mazoezi mwambie aende akawaulize wachezaji wenyewe.

Na mfano upo hapo hapo Clare. Shane O'Donnell, mwaka 2013 fainali ilitoka sare na Cork ikarudiwa, huyu ana miaka 19 anaambiwa siku hiyo hiyo kwamba anaanza, akaenda akafunga magoli matatu na pointi tatu, Clare wakabeba. Kwa mchezo mwingine huyo angekuwa milionea kesho yake. Yeye akarudi chuo Cork, akasoma mpaka udaktari wa falsafa kwenye maikrobiolojia, akaenda na Harvard kidogo, na 2024 ndio akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka, miaka 11 baadaye. Katikati hapo 2021 aligongwa kichwa mazoezini akakaa nje akiwa na hali mbaya mpaka akafikiria kuacha. Mwenzake Tony Kelly mwaka huo huo wa 2013, naye 19, alibeba tuzo mbili kwa mpigo, mchezaji bora wa mwaka na mchezaji bora kijana, ukadhani makombe yatamfuata kila mwaka, alisubiri mpaka 2024 kushika lingine la Ireland nzima, safari hiyo ndio nahodha. Na kuna Joe Canning wa Galway, 2008 akiwa na miaka 19 aliwafunga Cork 2-12 peke yake na bado timu yake ikafungwa, kombe la Ireland nzima kalipata 2017. Nakutajia hawa kwa sababu kijana wa miaka 16 anadhani kila kitu kitatokea akiwa na 19, na huku wengi hata wakali kabisa wanasubiri sana.

Mwingine wa kumwonyesha ni Darragh McCarthy wa Tipperary. Mwaka 2025 bado yupo umri wa chini ya miaka 20, kapewa kupiga mipira iliyokufa ya timu ya wakubwa, gemu na Cork anapewa kadi nyekundu hata gemu halijachangamka, sekunde za mwanzo kabisa, watu wakamsema sana mitandaoni. Nusu fainali na Kilkenny akatolewa tena, njano mbili. Kocha hakumtoa kikosini. Fainali dhidi ya Cork kafunga goli 1 na pointi 13, Tipperary bingwa. Mtoto wako akitolewa siku moja, akikosa penati, akiachwa benchi, kumbuka huyu.

Kama roho ya shemeji ipo kwenye hela za kulipwa kabisa, wapo waliohama. Setanta Ó hAilpín wa Cork alikuwa mchezaji bora kijana 2003, hapo hapo akaenda Australia kucheza mpira wao wa miguu kwenye klabu ya Carlton kwa mshahara. Ni wachache mno, na hurling yenyewe nje ya Ireland hakuna anayekulipa.

Hiyo familia nakutajia kwa sababu nyingine pia. Kaka yake Seán Óg kazaliwa Rotuma, Fiji, mama yao ni wa huko, kakulia Sydney kabla ya kuja Cork, na 2005 ndiye nahodha aliyepokea kombe Croke Park akatoa hotuba yote kwa Kiairishi. Lee Chin wa Wexford baba yake ni wa Malaysia. Zak Moradi ni Mkurdi aliyezaliwa Iraq, kaja Ireland 2002 kama mkimbizi, na 2019 kashinda Lory Meagher Cup na Leitrim hapo hapo Croke Park, kombe la ngazi za chini lakini ni kombe. Kwa hiyo usiogope kwamba mtoto wetu mweusi hatapewa nafasi. Ila nisikudanganye, maneno yapo. Lee Chin mwenyewe kayasema hadharani aliyotukanwa uwanjani. Kijana wangu naye kuna gemu moja aliitwa jina baya na mtoto wa timu pinzani, nikamwambia kocha wetu pale pale, refa akaandika, na wazazi wa klabu yetu walisimama na sisi kuliko nilivyotegemea. Likimtokea wako asinyamaze na asirudishe kwa fimbo, amwambie refa na kocha siku hiyo hiyo, liandikwe.

Halafu muda, dada, hapa ndio ujipange kweli. Kuna utafiti wa ESRI, taasisi ya utafiti ya huku, wa 2018 ulikuta mchezaji wa timu ya wakubwa ya kaunti anatumia hadi saa 31 kwa wiki kwa ajili ya mchezo, na huyo ana kazi yake ya kila siku. Wa kwako bado hajafika huko lakini shule na klabu na kaunti wote wanamtaka wiki hiyo hiyo, na kila kocha anaona wake ndio muhimu. Mimi nilikaa na makocha nikawaambia kijana hawezi kucheza mara tatu ndani ya siku nne, na walielewa, ila wewe usiposema hakuna atakayesema, maana mtoto mwenyewe ataitikia kila kitu kwa kuogopa kuachwa. Majeraha ya misuli ya paja na nyonga ndio yanawaua hawa vijana.

Vifaa: kofia ya chuma usoni ni lazima kwa kila mtu tangu 2010, nunua mpya yenye alama ya viwango, usichukue ya kuazima iliyopasuka na asikate nyaya za mbele kama wanavyofanya wengine wapate kuona vizuri. Fimbo zinavunjika, awe na mbili tatu kwenye begi. Bei imepanda, miti ya ash inakufa kwa ugonjwa ulioingia Ireland tangu 2012, sasa wengine wanatumia za mianzi, kijana wangu kahamia huko na hajarudi nyuma.

Kwa hiyo ushauri wangu mimi, mwache acheze, na aendelee kusoma kwa nguvu zote. Atatoka hapo ana watu. Kijana wangu kazi yake ya kwanza ya likizo kapewa na mtu wa klabu, mke wangu alipolazwa majirani waliotuletea chakula ni watu wa klabu, wakati sisi hapa hatuna shangazi wala mjomba. Hilo shemeji akiwa Dar hawezi kuliona.

Soka anaweza kucheza pia, wengi huku wanacheza yote mpaka 17 au 18, hakuna haja ya kumchagulia leo. Na kama shida ni usafiri wa jioni za mazoezi ya kaunti nitumie meseji inbox, huwa kuna wazazi tunapeana zamu za gari kutoka pande za Ennis.