Mchumba anasema nisimtie aibu, na mfuko wangu unaishia laki mbili

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 28, naishi Kibaha. Sendofu ya mchumba wangu ni wiki tano zijazo, kwao Tabata. Kaka yake alipooa alivaa suti ya kushonesha ya laki saba, na mchumba ameniambia, "Tafadhali usinitie aibu mbele ya wajomba zangu." Mimi nina laki mbili tu. Nilikwenda Kariakoo nikajaribu suti ya dukani ya laki na sabini, nikajiona kama mtoto aliyevaa koti la baba yake, maana ni mrefu na mwembamba. Rafiki yangu anasema nikope kwenye simu niongezee, mchumba asijue. Nifanyeje?*
*Mwalimu, Kibaha*

Marahaba mwanangu. Nianze na huo mkopo, maana ndio ulioninyima raha nilipoisoma barua yako. Usiuchukue. Watu hawakuiita mikopo hiyo kausha damu bure. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na kilio kikubwa cha wananchi kilikuwa kwamba ukichelewa kulipa, wanawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yako. Fikiria mmoja wa hao wajomba apokee ujumbe huo mwezi mmoja baada ya sendofu. Halafu deni utakalolificha leo, binti wa watu ndiye atakayelilipa pamoja nawe mkishaoana. Hilo silikubali.

Badala yake, mwambie mchumba una shilingi ngapi. Mtajie hiyo laki mbili bila kuzunguka. Hukusema kama amewahi kukutajia bei, na huenda anachoogopa si bei. Wajomba hawana namna ya kujua suti imenunuliwa kiasi gani, lakini wataona haraka kama imekukaa au haikukukaa. Akishajua, mwombe mwende dukani pamoja. Jicho lake litakusaidia, na moyo wake utatulia kabla ya siku yenyewe.

Sasa suti. Hiyo uliyoijaribu ilikukataa kwa sababu ulipewa saizi isiyo yako. Namba ya koti ni kipimo cha kifua kwa inchi: 38, 40, 42. Ukikuta 48, 50 au 52, hizo ni namba za Ulaya, toa 10 upate ya kwetu. Muuzaji akiona mtu mrefu humkimbizia koti kubwa ili mikono itoshe, mabega yakaning'inia. Kwa hiyo kabla hujaingia duka lolote, fundi akupime kifua na kiuno, uandike.

Ukilivaa koti, angalia mabega kwanza. Mengine mengi fundi wa cherehani anaweza kuyasogeza, ila bega la koti akilifungua ni kazi kubwa, gharama yake haina maana kwa suti ya bei hiyo, na mara nyingi halirudi vizuri. Simama ubavu kwa ukuta, jisogeze polepole. Sponji ya bega ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa, livue. Ukipata linaloishia pale bega lako linapoishia, funga kifungo cha juu, mchumba akutazame kwa nyuma: kola ya koti ilalie kola ya shati bila kuacha mwanya. Mbele, kitambaa kikijikunja kama herufi X pale kwenye kifungo, limebana mno. Na urefu wa koti ufunike makalio, huo nao haurekebishiki kirahisi.

Koti likiwa pana kiunoni lakini bega limekubali, lichukue. Fundi atalibana pembeni. Mikono ikiwa mirefu atapunguza, na kwa suti hizi ni rahisi kwa kuwa vile vifungo vya mkononi huwa vya pambo, havina matundu. Lakini mikono ikiwa mifupi, pindua uone kama ndani kuna kitambaa cha ziada. Kama hakipo, achana nalo.

Kwa umbo lako shida itakuwa suruali. Suti za dukani kwa kawaida hufungwa pamoja koti na suruali ya inchi sita pungufu, yaani koti la 40 na suruali ya 34. Wewe mwembamba pengine kiuno chako ni 30. Inchi moja au mbili fundi anapunguza vizuri. Akipunguza nne, mifuko ya nyuma itakaribiana hadi igusane. Mwombe muuzaji akubadilishie suruali ya kitambaa kilekile. Wapo wanaokubali, hasa ukienda asubuhi siku ya kazi, duka likiwa halijajaa. Akikataa, kuna njia ninayoipenda zaidi: koti la bluu iliyokoza, suruali ya kijivu ya kununua peke yake. Hapo huhitaji kuhangaika na seti, na suruali utaivaa hadi darasani.

Kitambaa kinachong'aa kiache. Chini ya taa za ukumbini na kamera hung'aa mara mbili, na kwa joto la Dar poliesta nzito itakuchemsha kabla chakula hakijaletwa. Kikunje kitambaa kwenye kiganja, ukiachie. Kikibaki na makunyanzi makali, ndivyo utakavyoonekana ukiinuka kutoka kwenye kiti.

Usiuone mtumba kuwa aibu. Pale Karume, Ilala, unaweza kupata koti la sufu lililoshonwa vizuri kuliko jipya la dukani, kwa pesa kidogo. Linataka subira tu. Kagua kwapa na bitana, na suruali uinyanyue kwenye mwanga, utazame sehemu ya kukalia kama imelika. Ukipata, lipeleke kwa drai klina, usilifue kwa maji. Kukodi nako kupo, ila wewe mwalimu suti utaihitaji tena kanisani, kwenye usaili, na misibani. Nunua.

Pesa yako igawe hivi: suti isizidi laki na ishirini, elfu thelathini ya fundi uiweke kando na usiiguse, inayobaki ni shati jeupe linalokutosha shingoni na rangi ya viatu ulivyonavyo.

Nunua ndani ya wiki mbili hizi. Mafundi wakati wa harusi nyingi huelemewa, na ukimpelekea kazi siku tatu kabla ataifanya usiku kwa haraka. Nenda na viatu utakavyovaa siku hiyo, akupimie pindo ukiwa umevivaa. Kabla ya kuondoka kwake, mwambie akate ule uzi wa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma na aondoe lebo iliyoshonwa kwenye mkono wa kushoto. Nimeona picha nyingi za sendofu bwana harusi akiwa bado na hiyo lebo, na mpiga picha hawezi kuifuta. Ukipiga pasi, weka kitambaa chenye unyevu juu ya suti, la sivyo magoti yataanza kung'aa.

Kifungo cha chini usikifunge.